Siku Tatu Bila Kugusa Swichi

Jumatano, tarehe 6 Februari 2013. Upepo umeanza kabla ya saa mbili asubuhi, vumbi limeingia mpaka ndani ya sufuria. Jua kali, wingu hakuna.

Ndivyo nilivyoandika siku aliyofika. Kama si daftari ningesema ilikuwa siku tulivu, kwa sababu nikizikumbuka siku zile zote naziona tulivu. Kumbukumbu yangu ina upendeleo. Niliishia darasa la nane, na mambo ya kompyuta nitakayoyaeleza hapa niliyapata kwa kusikiliza tu, kwa hiyo nikikosea, kosa si la aliyenifundisha.

Nilikuwa mtunza kisima pembeni mwa Lodwar, kisima cha pampu ya sola. Kazi yangu ilikuwa kufungua geti, kupanga foleni ya mitungi, na kuandika kila kilichotokea. Aliyefika siku hiyo alikuwa fundi kutoka Kakuma, mtu wa Sudan Kusini, wa umri kama wangu. Alijifunza kompyuta mwenyewe katika karakana ya kambini. Alishuka kwenye lori akiwa amebeba sanduku la bati lenye ukubwa wa redio, amelifunga kwa shuka. Mfukoni alikuwa na kibali cha kutoka kambini, cha siku kumi. Kilikuwa kinaisha Ijumaa ya tarehe 15.

Mhandisi wa mradi wa maji, ambaye sote tulimwita bosi, alikuwa amempa sharti moja. Sanduku likiendesha pampu siku tatu mfululizo bila mtu kuligusa, yeye atapewa kazi ya kutengeneza mengine ya visima vingine, na kila mwezi ataandikiwa barua ya kibali. Likishindwa, arudi kambini. Alikuwa ameingoja kazi ya namna hiyo kwa miaka minne.

Aliniuliza kama nataka kujua kilichomo ndani. Nikasema nataka, ingawa niliogopa sitaelewa.

Ndani kulikuwa na kompyuta ndogo. Ilikuwa inakiuliza kipimo kilichozamishwa kisimani kama maji yapo. Kikijibu yapo, pampu inawaka. Kikisema yamepungua, pampu inazimwa isije ikaungua. Shida ni kwamba kipimo chenyewe kilikuwa kikongwe, na mara nyingine kilinyamaza. Programu ikiuliza na isijibiwe ingekaa inangoja mpaka kesho, na pampu imezimwa. Ndipo akaandika kipande cha kuiokoa. Alikiweka katika kile alichokiita maktaba, lakini si ya vitabu. Ni mkusanyiko wa vipande vidogo ambavyo programu nyingine zinaviazima. Maktaba iliyokuja na kompyuta ile haikuwa na kipande hicho, basi alikitengeneza mwenyewe, kwa lugha ya chini kabisa, ile inayoongea na mashine bila mkalimani.

Kabla ya kuuliza, programu inaandika pembeni hali yake: imesimama wapi, imeshika namba gani, mzigo wake imeuweka wapi. Halafu inatega kengele ya sekunde kumi. Kengele ikilia kabla ya jibu, inaacha kungoja, inasoma ilichoandika, na inarudi palepale kama vile haikuwahi kuondoka. Kila ikirudi, taa nyekundu inamweka mara moja.

Nikamwambia hiyo ni kama daftari langu.

"Ni hivyo, dada," akasema. "Lakini wewe ukisahau kuandika kitu, kimebaki kichwani. Hii haina kichwa. Ina daftari peke yake."

Alhamisi tulilifunga kwenye nguzo. Kwa masharti ya bosi, fundi hakuruhusiwa kukaa karibu, ili lijaribiwe sanduku na si yeye. Akawa anashinda karakana ya mradi mjini, anakuja jioni kusoma daftari.

Ijumaa asubuhi kipimo kilinyamaza, taa ikamweka, pampu ikaendelea. Nikaandika. Mchana kikanyamaza tena, na safari hii taa haikumweka. Nikangoja. Wanawake wakaanza kugonga mitungi. Mama mmoja mzee, ambaye kila asubuhi tulisalimiana ejok kwa heshima zote, aliniuliza kama hilo sanduku limeoa.

"Kwa nini, mama?"

"Linalala mchana kama mwanaume aliyeshiba."

Wakacheka, lakini mbuzi walikuwa wanalia na jua liko utosini. Na mimi nilikuwa na hofu yangu. Asubuhi ile nililifunika sanduku kwa kitenge changu nikilionea huruma kwa joto. Nikajua, kwa jinsi ninavyojijua, kwamba kitenge ndicho kimeharibu. Nikakivuta, nikazima swichi, nikawasha. Maji yakaja. Katika daftari sikuandika kitu.

Jumamosi nilifanya hivyo mara mbili. Jumapili mara moja, baada ya ibada. Kitenge sikukirudisha, na bado liligoma, lakini nikajiambia uharibifu ulishaingia. Jioni fundi anakuja, anasoma kurasa safi, anatia alama ya vema pembeni kwa kalamu yangu, na ananishukuru. Sikuwa na ujasiri wa kumharibia furaha. Sasa naona nilikuwa nailinda furaha yangu mwenyewe, ya kushukuriwa.

Jumatatu bosi alikuwa Lokiriama kwa kisima kingine. Siku hiyo nililigusa tena. Jumanne akaja, na fundi akaruhusiwa kuwepo. Saa nne taa ikamweka, bosi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Saa saba kasoro kipimo kikanyamaza tena, na sanduku likagoma mbele ya kila mtu. Tulingoja nusu saa. Bosi akachukua daftari langu akalisoma mwanzo hadi mwisho.

"Daftari linasema siku nne safi," akasema. "Leo naona kwa macho yangu. Kama daftari ni kweli, basi hili sanduku linabahatisha, na siwezi kufunga mtambo wa kubahatisha kwenye maji ya watu. Lifungueni."

Lazima nimtendee haki. Kwa alichokuwa nacho mkononi, alikuwa sahihi kabisa. Fundi alisema kwa sauti ya chini kwamba Kakuma lilifanya kazi mwezi mzima. Halafu akaanza kulegeza skrubu, hakubishana zaidi.

"Nimeligusa mimi," nikasema. "Ijumaa mara moja, Jumamosi mara mbili, Jumapili mara moja, jana mara moja. Sikuandika."

Bosi akaniuliza kwa nini. Nikasema wamama walikuwa wanangoja, na nilidhani kitenge changu ndicho kimeliharibu. Yule mama mzee akatafsiriwa maneno yangu, akacheka peke yake. Bosi akasema angeweza kunifukuza papo hapo. Ni kweli, angeweza. Fundi hakuniangalia. Nikaona nimemlia mtu siku zake, siku ambazo hana pa kuzipata tena.

Kisha fundi akachukua daftari kwa bosi, akanirudishia pamoja na kalamu.

"Andika sasa. Kila mara lilipogoma. Na kabla ya hapo lilikuwa limefanya nini."

Nikaketi juu ya mtungi, nikaandika. Pale nisipokuwa na hakika niliandika sina hakika. Alisoma nyuma ya bega langu, na kidole chake kikaanza kushuka kwenye ukurasa.

"Jumamosi pia? Asubuhi lilijirudisha?"

"Lilijirudisha. Mara ya pili likagoma. Nikazima nikawasha, likajirudisha mara moja, halafu likagoma tena."

"Mara ya kwanza daima linarudi."

"Ndiyo."

"Mara ya pili kamwe."

Nikaangalia. Ilikuwa hivyo kila siku. Nilikuwa nimeishi na jambo hilo siku nne na sikuliona.

Akaketi chini mchangani, akaanza kucheka kicheko kibaya. Karakana ya Kakuma ni ya mabati, akasema. Saa sita kunakuwa tanuri, na desturi yao ni kuzima kila kitu, watu waende chini ya mti mpaka saa tisa. Kwa hiyo sanduku lilikuwa linaamka upya mara mbili kwa siku. Mwezi mzima halikuwahi kufikia kunyamaziwa mara ya pili kabla halijazimwa. Alilijaribu kwa saa za watu, siyo kwa saa za pampu.

Bosi akauliza basi ugonjwa ni nini. Alitueleza wote wawili, na naandika kama nilivyoelewa. Kengele ikilia, mfumo unaoendesha kompyuta unaiziba programu masikio kwa kengele hiyo, ili isilie tena wakati inahudumiwa. Huduma ikiisha, unayazibua. Lakini kipande chake hakikungoja huduma iishe. Kilikuwa kinaruka dirishani katikati ya huduma na kurudi kule kilikohifadhi. Hakuna aliyezibua.

"Nilihifadhi imesimama wapi na imebeba nini," akasema. "Sikuhifadhi inasikia nini. Inarudi nyumbani na masikio yameziba. Kengele ya pili inalia, yenyewe haina habari."

Bosi alifikiri. Akasema kibali si chake na hawezi kukiongeza hata saa moja, lakini siku za majaribio ni zake. Jumatano ya kutengeneza, halafu Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi za kujaribu. Jumamosi fundi atakuwa ameshaondoka. Likiguswa hata mara moja, basi. Kisha akamuuliza anataka nani aandike.

"Huyu," fundi akasema. "Mwingine nitamfundisha lini?"

Sikulala vizuri kwa neno hilo, wala sijui mpaka leo kama lilikuwa msamaha.

Jumatano bosi alinipa ruhusa nikamwone akitengeneza kule karakana ya mjini. Nikiulizwa siku moja ya miaka ile ningependa kurudishiwa, ningetaja hiyo, na naona aibu kidogo kwa sababu nilikuwa mkosaji ndani yake. Harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka, redio ya jirani inatangaza wagombea, chai ya tangawizi kwenye kikombe kisicho na mkono. Alichoongeza hakikufika hata mistari kumi. Kabla ya kuhifadhi mengine, kipande kinauliza mfumo ni kengele zipi zimezibwa, na kinaandika jibu pamoja na yale mengine. Kikirudi, kinayarudisha masikio kama yalivyokuwa. Alinionyesha kwa kidole, mstari kwa mstari, kana kwamba ningeweza kumsahihisha. Nilikuwa najibu "mm" tu.

Alhamisi kipimo kilinyamaza mara tano, taa ikamweka mara tano. Ijumaa mara tatu kabla ya saa nane, saa aliyopaswa kuondoka ili awahi kizuizi cha polisi. Alikuja getini kuaga. Nikamwomba radhi tena.

"Malesh," akasema, wanavyosema kwao, yaani si kitu, yamepita. Halafu akaongeza, "Umenipotezea siku nne, dada. Sitasema hukunipotezea."

Nilimshukuru kwa hilo kuliko angenidanganya.

Jumamosi tarehe 16 nikabaki peke yangu na sanduku. Asubuhi ilienda vizuri. Saa saba kipimo kikanyamaza na taa ikamweka. Sekunde kumi, ikamweka tena. Sekunde kumi, tena. Safari hii kipimo chenyewe ndicho kilichokataa kusema. Programu inarudi, inauliza, haina wa kuijibu, inarudi. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa, na maji hakuna. Nani angenielewa kama ningewaeleza hivyo wanawake thelathini?

Nilijaribu. Nikawaonyesha taa. Mama mzee akaitazama kwa makini.

"Sasa linakonyeza," akasema. "Amsha hilo jambazi, mwanangu. Unajua swichi iko wapi."

Nilijua. Nikaenda kukaa upande wa pili wa tangi, daftari mapajani, mikono juu ya daftari. Mama wawili waliniita majina ambayo sitayaandika. Mmoja alibeba mtungi wake mtupu akaelekea mtoni Turkwel, na mimi nilimwangalia mpaka akapotea, kwa sababu safari ile nimempa mimi. Ningeandika nini kama angeanguka njiani? Sikuandika wazo hilo siku ile. Niliandika tu: inarudi, inarudi, inarudi.

Ilichukua karibu saa nzima. Kisha kipimo kikajibu, na pampu ikanguruma bila mkono wa mtu. Hakuna aliyeshangilia. Walipanga mitungi.

Saa kumi na moja bosi alikuja, akasoma ukurasa wote, hata zile "inarudi" zilizojaa mistari miwili. Akatia sahihi, akasema Jumatatu ataandika barua ya kibali. Nikampigia fundi Kakuma, nikamsomea kila kitu, pamoja na yule mama aliyekwenda mtoni. 

"Soma tena kuanzia saa saba," akasema.

Nikasoma tena. Nyumbani mama yangu alikuwa amepika ugali na samaki wakavu wa Kataboi, wa kukaangwa na vitunguu, na binti yangu alikuwa ameniwekea kichwa cha samaki, kipande ninachokipenda.