Fremu Iliyotengenezwa na Mama Mkwe

Kazini walimwita Bwana Fremu, na jina lenyewe alijitakia. Alikuwa mkemia, mtu wa kubuni dawa, na kila dawa aliyoibuni ilikuwa na mifupa ileile: pete ya pembe sita imegandana na pete ya pembe tano. Kilichobadilika ni mkia tu, nao daima aliuchomeka upande wa pembe tano. Leo mrefu, kesho mfupi, kama fundi cherehani anayemshonea kila mteja gauni lilelile akabadilisha kola. Ukimuuliza atakwambia mwili unaipenda fremu hiyo, inaingia kama ufunguo kwenye kufuli nyingi, hata wakemia wa mbali wanairudia. Ni kweli. Lakini bosi wake aliichoka, akamwambia wazi kwamba Jumatatu alete mifupa mipya, la sivyo meza yake ya maabara apewe mwingine.

Basi mwanamume akajifungia sebuleni na vipira vyake vya plastiki na vijiti vya kuundia mifano ya dawa, akaibomoa fremu ya zamani isiyo na mkia iliyokaa juu ya kabati, akaunda kitu chenye mkia, kimepindapinda kama mwavuli uliopigwa na upepo. Akakiweka juu ya kabati, akakifunika kitambaa, akalala usingizi wa pono.

Sasa pale nyumbani alikuwepo mama mkwe wake, mwanamke asiyevumilia kitu kilichokaa upande. Miaka yote ndiye aliyeifuta vumbi ile fremu ya zamani, akiijua kama meno yake. Alipoinua kitambaa akasikitika: wajukuu wameshavunja tena. Akakaa chini, akairudisha pembe sita, akairudisha pembe tano. Mkia ukabaki hauna kwao, akauchomeka palipokuwa na nafasi, akafunika.

Jumatatu Bwana Fremu akakibeba vilevile kilivyofunikwa, akafunua kitambaa mbele ya wenzake. Kicheko kilifika mpaka kwa mlinzi getini.

Bosi hakucheka. Alikizungusha kile kitu, akakizungusha tena.

"Mifupa ileile," akasema. "Ila huu mkia, nani kakwambia uuweke upande wa pembe sita?"

"Mama mkwe," akajibu, maana nyumbani mfuta vumbi ni mmoja tu, na uongo ulikuwa haujamjia.

Wakacheka upya. Lakini bosi akasema hajawahi kuwaletea dawa yenye mkia upande huo, basi akaipike maabara waione. Meza ikabaki yake.

Jioni akamweleza mama mkwe, kwa adabu zote, kwamba kile kitu hakikuwa kimevunjika. Bibi akamtazama kwa huruma.

"Kilivunjika, baba," akasema. "Nikakitengeneza. Hata shukrani huna."

Akashukuru. Siku hizi kila akiunda kitu kipya anakiacha juu ya kabati makusudi, wala hakifuniki.