Kiti Kilichovunja Mapatano

Kila uchaguzi, Arlene Kowalczyk na mumewe Dale walibaki nyumbani kwao Toledo, Marekani, wakila mayai, maana walishabikia vyama vinavyopingana na kura zao zingefutana tu. Mwaka huu jaji wa Mahakama ya Juu akafariki, na rais ajaye ndiye atakayeteua wa kujaza kiti chake. Siku ya kura ilipofika, Arlene akavaa koti.

“We Arlene, si tulikubaliana?” Dale akauliza.

“Rais nitamvumilia miaka minne. Jaji anakaa mpaka afe. Leo sibaki.”

Alipofika mlangoni pa kanisa lililokuwa kituo cha kupigia kura, alisikia mtu anahema nyuma yake. Ni Dale, na ndara miguuni.

“Nimekuja kuifuta kura yako.”

“Ifute. Miaka yote umeifuta ukila mayai. Leo panga foleni.”