Sombe Ndani ya Beseni

Beseni lilikuwa la bluu, kama lile ninalofulia nguo za mtoto, na watu wazima walikuwa wameliinamia wakitazama matapishi ya mume wangu.

Mume wangu alikuwa mchimbaji wa shaba, wa wale wanaoshuka shimoni kwa kamba. Shimo liliporomoka, wenzake wakafia chini, yeye akavutwa nje hai. Mwili ulipona upesi. Kichwa hakikupona. Hakuweza kukaa ndani mlango ukiwa umefungwa. Mtoto akipiga sufuria, baba yake alijitupa chini na kufunika kichwa. Kituo cha afya walimpima malaria, wakampa vidonge, wakasema apumzike. Pale ukutani kuna picha ya kunawa mikono, picha ya chandarua, picha ya chanjo. Ya mtu aliyefukiwa akatoka hai, hakuna.

Na kwetu mtu akitoka shimoni peke yake, hawamuulizi anaumwa wapi. Wanauliza aliwauza wenzake kwa nani, maana wanaamini jiwe la madini haliji mpaka roho ya mtu itolewe kafara. Jirani ninayechota naye maji aliniambia huku akicheka:

"Mama, bile biatu bipya bya bwana yako, biko na damu ya nani?"

Vilikuwa viatu vya mtumba, dada yake mume wangu alimnunulia kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini kwetu. Nilitamani kummwagia jirani yule ndoo ya maji.

Mama mkwe ndiye aliyempeleka kwenye chumba cha maombi cha pasta wake. Mtu anayeogopa mlango uliofungwa, wakamfungia mlango. Wakamwambia asile kitu mpaka aungame. Mimi kila siku nilingoja waanze kuimba, nikampitishia chakula dirishani. Asubuhi ya siku ya beseni ilikuwa bukari, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo niliyoyapika mwenyewe na karanga. Alikula upesi, akalamba bakuli.

Mchana wakatuita sote, ndugu na majirani, tushuhudie. Pasta alimshika taya, akamimina mafuta ya upako yenye manukato kooni mwake, akamimina tena, mpaka yote yakarudi. Harufu ya waridi na tumbo la mtu, pamoja, ndani ya chumba kisicho na hewa. Hata sasa mwanamke akipita na manukato ya waridi, naziba pua.

"Muone," pasta akasema, akiinamisha beseni. "Iko kijani. Ile njo malakiti, jiwe ya kijani ya shaba. Alimeza rangi ya jiwe siku alibauzisha benzake."

Wakasukumana waone. Mama mmoja alimnyanyua mwanawe ili naye aone vizuri. Mwingine alichukua picha kwa simu. Mume wangu alikuwa amepiga magoti, mate yananing'inia kwenye ndevu, akatazama ile rangi ya kijani kama wao. Kisha akasema polepole:

"Eeh, pasta. Njo miye. Nilibauzisha."

Kwamba ndiye yeye, aliwauza; alisema hivyo kama mtu aliyetua mzigo. Hapo ndipo nilipochukia kila uso ndani ya chumba kile. Tangu atoke shimoni alikuwa akitafuta kwa nini yeye yuko hai, na sasa walikuwa wamempa jibu kutoka ndani ya beseni.

"Pasta, ile iko sombe," nikasema. "Miye njo nilipika. Iko na karanga, angalia muzuri."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Pasta hakucheka.

"Kumbe we njo ulivunja kufunga. Bwana yako angepona leo. We njo unamuzuia."

Mama mkwe akanigeukia. "Unamulisha mugonjwa kwa kujificha, kama mulozi, kama muchawi."

"Namulisha sababu iko na njaa, mama."

Nikamshika mume wangu mkono, tukatoka. Hakuna aliyetuzuia. Alikuwa amejichafua kifua kizima, na watu wale waliosukumana kutazama, hakuna aliyetaka kumgusa.

Barabarani nilimfuta kwa kitenge changu. Pikipiki zilipita, watu wakageuza shingo. Akaniuliza:

"Kweli ilikuwa sombe?"

"Ilikuwa sombe."

Tukatembea kidogo, akauliza tena. Mpaka leo anauliza, wakati mwingine akiwa na kijiko mkononi, wakati mwingine akiwa amekaa mlangoni, mlango ambao hatuufungi tena. Kituo cha afya nimerudi mara nyingi, kila mara wanampima malaria. Mama mkwe hakanyagi kwangu.

Sombe naipika bado. Namwekea mbele yake, naketi naye, akiuliza namjibu.