Mjomba wa Viazi

Katika ukoo wetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba mahali pake, na kilio kinaisha. Wajomba zangu wakubwa walikuwa wameshakata la mdogo wao, askari aliyepotelea vitani. Mama yangu, dada yao, akalikalia palepale uani, akagoma kuinuka.

"Mutanizikisha mudogo wangu muzima? Muniletee kwanza mutu mwenye alimuona akikufa. Siku hiyo nitalia."

Vita vikatufukuza Butembo, tukahamia Goma, tukapanga nyumba mtaa wa Majengo. Miaka ikapita bila matanga. Mama hakulia, na kucheka pia hakucheka vizuri. Nasema kweli, kuna siku nilimchukia huyo mjomba. Ndipo nikashika njia ya Katindo, kwenye kambi ya jeshi, nimtafute.

Kuuliza si ujinga, ila mimi niliuliza kijinga. Nilibeba kadi yake ya ubatizo, nikasoma jina lote mlango kwa mlango kama katekista. Wake wa askari wakatazamana: wakadhani mimi ni mtoto wa nje anayetafuta baba! Kila mmoja akamficha mume wake. Wiki tatu nilirudi nyumbani mikono mitupu, nimenuna.

Mwishowe mama mmoja aliyeuza mikate langoni akanihurumia. "Mutoto yangu, hapa jina ya padri hatuijue. Sema alikuwa anafanyaka nini."

Nilijua jambo moja tu, lile mama yangu alilokuwa akilinung'unikia: hata akija likizo, mdogo wake hakupumzika, alishinda shambani na jembe.

"Aa! Ule wa viazi! Alilima mpaka nyuma ya vyoo. Ngoja niite muzee yangu."

Mumewe, askari mstaafu, alitoka akichechemea. Yeye na mjomba walikuwa pamoja vitani, kwenye barabara ya Rutshuru. "Risasi haikumutesa," aliniambia. "Ilikuwa mara moja. Nilimuzika na mikono yangu, kule Kalengera, pembeni ya shamba ya mama moja."

Nilimsihi aje amwambie mama mwenyewe, naye akaja. Mama alimhoji kama hakimu: kovu lilikuwa mguu gani? Jino gani lilivunjika? Mzee alijibu yote. Hapo mama akapiga yowe, majirani wakaja mbio. Mungu anisamehe, wote walipokuwa wanalia mimi nilikuwa nashukuru. Nilihisi nimetuliwa gunia la makaa kichwani.

Matanga yalipokwisha tulikwenda parokia kuomba misa ya mjomba. Karani akaniangalia mimi, kalamu mkononi. "Tumuandike kwa wazima ao kwa marehemu?"

Mama akasogea mpaka mezani.

"Marehemu," akasema. "Andika pole pole, papa karani, nione."