Kikwembe cha Chama

Tulikuwa kwenye mkutano wa chama hapa Kasongo. Mama mmoja, muuza samaki wa Nyangwe, alisimama akasema msichana aliyebakwa asilazimishwe kuzaa kama hataki. Alikuwa amejifunga kikwembe, kitenge cha chama chenye picha ya kiongozi wetu.

Prezida wa tawi aligonga meza. "Mama, chama iko na sauti moja. Mwenye sauti ya pili arudishe kikwembe."

Mama alikifungua, akabaki na kile cha chini, akakikunja vizuri na kukiweka mezani.

Mimi kuhusu kutoa mimba sikubaliani naye hata kidogo. Lakini nilichemka. Muda mfupi tu kabla, prezida huyohuyo, mwenye wake wawili, alibishana na katibu wake Mkatoliki juu ya kuoa wengi, wakamaliza kwa kucheka: "Kila mutu na dini yake." Kumbe sauti mbili si kosa zikiwa za wanaume.

Sasa anakuja mgeni mkubwa kutoka Kindu, na wanawake wa kumchezea ngoma hawatoshi. Jana nilikuwa sokoni mjumbe alipomletea mama kikwembe chake, kimepigwa pasi.

"Prezida anasema ukuje tu kucheza. Ile maneno yako uache kwanza ku nyumba."

Mama aliendelea kugeuza samaki. "Umuambie kichwa na kiuno vinakuja pamoja, ama vinabaki pamoja."

Nikanunua samaki wake. Tulibishana juu ya mimba mpaka akamaliza kunifungia samaki, na hakuna aliyemvua mwenzake nguo.