Nilivyomkohoza Bibi Kizee Redioni

Mjukuu wangu alirudi skuli daftari kalibana kwapani, hataki mtu alione. Anasoma darasa la nne hapa Wawi na mie ndiye ninayemlea. Nikamwambia lete. Akaleta. Mie kusoma sikwenda mbali, niliishia darasa la pili nikatolewa kwenda kuchuma karafuu, na hizi herufi nilizonazo nyingi nimezipata ukubwani. Lakini wino mwekundu nautambua. Jibu lake limepigwa alama ya kosa kubwa, pembeni pameandikwa "Adabu!" na chini yake: mzazi afike kesho.

"Umeandika nini weye?"

"Nimeandika kweli, bibi. Mwalimu katupigia hadithi yako ya redio, kisha katuuliza zimwi alikimbia kwa nini. Nikaandika, kwa sababu bibi kizee alijamba."

Nilicheka mpaka kanga ikanivuka. Kisha nikanyamaza ghafla, maana nilikumbuka kuwa mwenye makosa ni mie.

Ngojeni nirudi nyuma. Mwaka jana, mfunguo mosi, mwezi wa Idi, alikuja binti mmoja wa redio anakusanya hadithi za wazee. Kaja saa tatu asubuhi. Nikamwambia, mwanangu, hadithi haitolewi mchana, mtoaji ataota mkia. Akanijibu, "Bibi, tutafunga madirisha." Basi tukafunga madirisha, na joto lile! Tukawa tunatiririka wote wawili kama tuko chunguni. Na huo mkia, nakwambieni kweli, siku tatu nzima nilikuwa najipapasa.

Redio yenyewe naijua tangu udogo. Mtaa mzima ilikuwa moja, na betri zikichoka tunazianika juani, jioni zinasema maneno mawili matatu, zinakata tena. Tukiisikiliza tulikuwa hatukohoi hata mtu mmoja. Sikudhani kuwa ndani ya kile kisanduku nitakuja kuingia mie na meno yangu manne. Lakini nilikuwa nasema nini? Hadithi.

Hadithi kaniachia mama. Palikuwa na bibi kizee ana shamba la muhogo, na zimwi kazi yake kuja kumlia. Zimwi yule akijisifu kuwa hakuna sauti duniani inayomtisha, si radi, si simba. Bibi kizee akaingia ndani akala choroko siku tatu. Asubuhi choroko, mchana choroko, jioni choroko. Siku ya nne zimwi kaja, kaingia, kafunga mlango, anasema leo nakula wewe. Bibi kizee akamgeuzia mgongo, akaachia. Zimwi sauti kama ile hajapata kuisikia tangu azaliwe. Akatoka na mlango shingoni, hajarudi mpaka leo.

Ndivyo ninavyoitoa nyumbani. Lakini yule binti aliponisogezea kinasa sauti chake, kina manyoya kama mtoto wa paka, ulimi ukaingia baridi. Nikamfikiria sheha, mkubwa wa mtaa wetu, anasikiliza. Nikamfikiria shemeji yangu, imamu, anasikiliza na tasbihi mkononi. Nilipofika penyewe nikasema, "Bibi kizee akageuka, akakohoa."

Akakohoa! Zimwi asiyeogopa radi kakimbia kikohozi. Binti wa redio alinitazama kidogo, akaendelea kurekodi, nafikiri alidhani hadithi za wazee ndivyo zilivyo, hazitaki kuulizwa.

Hadithi ikatoka hewani na mie nikawa mtu. Muuza samaki wa Chake akawa ananiita Bi mkubwa wa redio, mbele ya wateja. Arusini, mwanamke wa Konde alinishika mkono: "Bi mkubwa, si weye yule?" Nikamwambia ndiye mie, na nikakohoa kidogo ili apate uhakika.

Sasa mnaona nilivyokuwa.

Asubuhi nikavaa buibui la Idi, tukaenda skuli. Tulipofika langoni mjukuu wangu akasema, "Mwalimu kasema leo nitasimama mbele niombe radhi. Bibi, ukisema alikohoa, mie ndiye mwongo."

"Tutaona huko huko," nikamjibu. Nasema bila kuficha: nilikuwa sijui nitasema nini. Heshima yangu nimekaa nayo miaka sabini, na ule umaarufu ndio kwanza nimeupata. Sikutaka kuuvua mbele ya watoto.

Nikapiga hodi, nikatoa salamu. Sijamaliza, mtoto mmoja wa mbele akaruka juu ya kiti: "Redio!"

Mwalimu wao binti wa Unguja, akifungua kinywa tu unajua. Akajishika kifua. "Ni wewe, Bi mkubwa? Na huyu mjukuu wako?"

"Ndiye."

"Basi ndiyo vibaya zaidi! Hadithi ya bibi yake mwenyewe, anaitia uchafu!"

Akanipa kiti chake. Watoto wakanipigia makofi, mie nakaa, nainamisha kichwa kama bwana arusi. Mwalimu akaniambia vitabu havitoshi, kitabu kimoja wanagombania watatu, lakini hadithi ya redio wanaipata wote kwa pamoja. Anayo kwenye simu, anaiunganisha na spika ndogo kama kopo la maziwa. Mara ya kwanza penseli chini, wanasikiliza tu. Mara ya pili anaikata katikati, anawauliza wanadhani kitafuata nini. Mara ya tatu ndiyo wanaandika. Wapo watoto, anasema, mwaka mzima hawajanyoosha mkono, hadithi ya bibi ikipigwa wanagombana kujibu.

Akaipiga. Sauti ikatoka.

"Nani kibibi huyo anayekwaruza?" nikauliza.

"Ni wewe!" darasa zima.

Sauti yangu naijua ni tamu. Ile ilikuwa ya mlango wa banda. Lakini wale watoto wanaijua hadithi kwa moyo, mpaka pale nilipomfukuza jogoo aliyekuwa uvunguni siku ya kurekodi. Sauti ilipofika hapo ikasema "Shii!", nao wakasema "Shii!" kwa pamoja, mikono juu.

Ubaoni pameandikwa: Kwa nini bibi kizee alikula choroko siku tatu? Nikamuuliza mwalimu jibu lake lipi.

"Choroko zina protini, Bi mkubwa. Zinajenga mwili. Zilimpa nguvu ya kukohoa."

Kasema hivyo, uso mkavu, hana hata chembe ya mzaha. Nikapita nikachungulia madaftari. Protini. Protini. Protini. Darasa zima limeandika protini kwa ajili ya haya zangu.

"Haya," mwalimu akamwita mjukuu wangu, "njoo mbele. Mwombe radhi bibi yako na wenzako."

Akaja. Hakutazama chini. Alinitazama mie, akafungua mdomo. Nikaona kuwa akilitoa lile neno la radhi, basi, nyumbani hataniamini tena, si hadithi, si nikimwambia uji umepoa.

Nikainuka. "Mwalimu, ngoja. Asiombe huyu. Nitaomba mie. Bibi kizee hakukohoa."

"Alifanya nini?"

Nikatazama mlangoni, nikatazama dirishani, isiwe shemeji yangu anapita. "Alijamba."



"Na si kidogo," nikaongeza, maana nilikwisha kuingia majini. "Choroko siku tatu, mwalimu, weye umeshajaribu?"

Darasa likapasuka. Wengine wako chini ya madawati. Yule mtoto wa mbele kanyoosha mkono juu kabisa: "Bibi, mbona redioni ulisema kakohoa?"

"Niliona haya."

"Kwa hiyo uliidanganya redio?"

"Niliidanganya redio."

"Yote?"

"Yote."

Mwalimu kageukia ubao, kashika kifutio, anafuta pahala pasipoandikwa kitu, na mabega yanaruka. Alipogeuka macho yamelowa. "Sasa," akasema, akameza mate, "sasa choroko zimeeleweka." Akachukua daftari la mjukuu wangu, akalikata lile "Adabu!" kwa kalamu yake mwenyewe, akamtilia vema kubwa. Akamwambia mbele ya wote, "Nisamehe mwanangu. Wewe ndiye uliyesikiliza."

"Mwalimu, protini nifute?" mtoto mwengine akauliza.

"Usifute, protini ni kweli. Ongeza na hiyo nyengine."

Mara wakaanza kudai: bibi, ajambe! Yaani wanataka hadithi yenyewe, na sauti yake. Nyumbani huweka midomo kwenye mkono hapa, juu ya kifundo, nikapuliza. Nikajaribu. Lakini kicheko kimenimaliza pumzi, na kwa meno manne ikatoka hewa tupu, kama mpira uliotoboka.

"Sio hivyo, bibi," mjukuu wangu akasema. "Nenda kakae."

Nikaenda kukaa kwenye dawati lake, magoti yamenifika kidevuni. Akaanza mwanzo. Zimwi kampa sauti nzito ambayo mie sijampa hata siku moja, na bibi kizee akila choroko anahesabu vijiko. Mwalimu kasogeza simu, anamrekodi. Penseli zote chini. Alipofika penyewe akageuka, akaweka mdomo mkononi, akapuliza. Wallahi madirisha yale yangekuwa na vioo, vingeanguka.

Mwalimu mkuu akaja mbio, kasimama mlangoni anahema. "Kuna nini humu?"

"Kipindi cha Kiswahili," mwalimu akamjibu, mkono mdomoni.

Mjukuu wangu wala hakumtazama. Alikwisha kufika pale zimwi anapotoka na mlango shingoni.