Bonde Lililopata Jua

Nyumbani kwetu, juu kidogo ya mji wa Embu, hatukuwa na neti za mbu. Neti zilikuwa za watu wa Mwea, huko chini kwenye mpunga. Sisi tulikuwa na baridi yetu, na nyuma ya boma bonde lenye miti mikubwa ya kienyeji iliyofunika kijito hata saa sita mchana pakawa na giza. Tukienda kuteka maji tulivaa sweta.

Baba aliikata miti hiyo mwaka ambao kahawa ilitutupa kabisa. Alitaka mahali pa kupanda nduma na nyanya, na hakuna aliyempinga. Misumeno ya injini ilinguruma wiki nzima. Ilipokoma, tuliweza kuona mashamba ya ng'ambo tukiwa tumesimama uani.

"Sasa nyumba ina mwanga," Mama alisema, na sote tukafurahi.

Kisha jirani akaanza kufyatua matofali kule bondeni. Mashimo alimochimba udongo yakajaa maji ya mvua, yakakaa hapo yakipigwa na jua.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa, akiishi mtaa wa Majimbo, mjini. Mimba yake ya kwanza ilipokuwa kubwa, alikuja nyumbani ili Mama amtunze mpaka ajifungue. Jioni walikaa uani wakichambua maharagwe na kubishana kuhusu jina la mtoto. Baada ya wiki chache akaanza kutetemeka. Mama alimfunika blanketi, akampa uji wa moto, akasema ni baridi ya mlima tu, amezoea joto la mjini. Kesho yake nilimpeleka zahanati.

"Umetembea Mwea hivi karibuni, ama Tharaka?" daktari akamuuliza.

"Sijaenda popote, daktari. Niko tu kwa Mama."

"Basi si malaria. Huku kwetu hakuna."

Akampa dawa za taifodi. Simlaumu sana, kila mtu kijijini angesema vivyo hivyo. Mdogo wangu alizimeza, akazitapika, akazimeza tena. Siku tulipoona macho yake yamekuwa ya manjano na haelewi tunachomwambia, tulimkimbiza hospitali kubwa mjini. Huko walimpima damu. Ilikuwa malaria, tena imeshamla sana.

Yeye alipona. Mtoto, msichana, alizaliwa akiwa hana uhai. Tulimzika kando ya migomba. Baba alichimba mwenyewe na akakataa kusaidiwa.

Wagonjwa wengine walipotokea kijijini, afisa wa afya alikuja. Alishuka bondeni, akachota maji ya shimo kwa bakuli jeupe, akamwonyesha Baba viluwiluwi vya mbu vikijinyonganyonga.

"Mzee, hawa wanapenda maji yaliyosimama juani. Chini ya miti maji yalikuwa baridi mno kwao."

"Kwa hivyo ni miti niliyokata?"

"Si hiyo pekee. Hata joto limepanda siku hizi. Lakini miti ilikuwa inawakinga."

Baba alilitazama lile bakuli, kisha akapanda nyumbani bila kuaga.

Tulifukia mashimo pamoja na jirani. Serikali ikaleta neti. Baba akang'oa nyanya zake na kupanda miche ya miti ya kienyeji kando ya kijito. Mingi ilikauka, iliyoshika imenifika kiunoni, na kivuli chake hakitoshi hata kuku kujikinga. Yeye huimwagilia hata wakati wa mvua, na hakuna anayemwambia aache.

Mdogo wangu ana mtoto wa kiume sasa. Huja naye Jumapili baada ya kanisa, hula nasi, na jua likianza kuinama huanza kukusanya vitu vyake.

"Laleni leo tu," Mama humwambia. "Nimeshatandika kitanda na kufunga neti."

"Tutakuja tena, Mama," hujibu kwa upole, huku akimfunga mtoto mgongoni.

Mama huwasindikiza hadi barabarani. Baba huwa ameshaondoka uani kabla hawajaaga.